Kabla ya Kulihukumu Yai

Ni jioni ya mwezi wa saba, mitaa ya Sakina, Arusha. Baridi imeshuka mapema na Mlima Meru haujaonekana tangu asubuhi. Mtoto ambaye ndiyo kwanza ametimiza mwaka mmoja na nusu amekaa mkekani, masweta mawili mwilini, pua inachuruzika kama jana na juzi. Amekunywa uji wake, akamegewa yai la kuchemsha. Mama anapomvua nguo amwogeshe, anakuta mgongo umeumuka. Si vijipele vya joto. Ni mabaka yaliyoinuka, mengine mapana kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, na mtoto anajikuna tumbo huku analia.

Kesi inafunguliwa hapo hapo. Bibi aliyekuja kutoka Poli kumwona mjukuu anasema ni haya maziwa ya pakiti, yeye hakuyaamini tangu mwanzo. Baba anasema ni yai, maana ndilo lililoliwa mwisho. Jirani aliyeingia kuomba kiberiti ananong'ona kwamba watoto wazuri hawaachwi hivi hivi na macho ya watu. Kisha, bila mtu kutamka wazi, nyumba nzima inamgeukia binti wa kazi aliyemlisha mtoto. "Ulimpa nini?" Mara ya kwanza anaulizwa kwa upole. Mara ya tatu si swali tena, na binti anajua.

Mpendwa, umewahi kukaa katika nyumba kama hiyo? Labda ni kwako. Sisi wachungaji huitwa tuje kumwombea mtoto, na tukishasema amina tunaulizwa: Mchungaji, hii ni aleji ya chakula? Kuuliza hivyo si upungufu wa imani. Ni upendo unaotaka kujua. Wiki hii ningependa tukae na swali hilo, maana njia ya kulijibu ni ndefu kidogo, na ukiifuata kwa uaminifu inakufikisha mbali kuliko ngozi ya mtoto.

Tuanze na wanaoijua ngozi. Elimu hii si ya mbali nasi. Hapo Moshi, katika hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1992 kuna kituo kinachofundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Madaktari wanaeleza kwamba ndani ya ngozi kuna chembe zinazohifadhi kemikali iitwayo histamini. Kitu kikizishtua, zinaimwaga. Mishipa midogo ya damu inavujisha maji, ngozi inainuka na kuwasha. Kinachozishtua kinaweza kuwa chakula. Lakini kwa watoto wadogo, mara nyingi zaidi ni maambukizi ya virusi, yaani mafua haya haya ambayo msimu wa baridi hayakosi nyumba hapa Arusha. Dawa nazo zimo, hasa baadhi ya antibayotiki na za maumivu. Wadudu wamo. Viwavi wenye manyoya wamo, upupu umo, na kwa watu wachache hata baridi yenyewe. Mara nyingine sababu haipatikani kabisa, na mabaka yanakwisha yenyewe.

Chakula kina tabia yake. Aleji ya namna hii hujitokeza upesi, dakika chache baada ya kula, na kwa kawaida haipiti saa mbili. Mabaka yake hufutika katika saa kadhaa. Na hurudi: mtoto akila tena kitu kile kile, mwili hujibu tena. Kwa hiyo yai lililoliwa jana mchana lina kesi nyepesi mno kwa mabaka ya leo asubuhi. Na mabaka yanayotokea na kupotea siku tano mfululizo, mtoto akiwa na mafua na yai amelila siku moja tu, hayaelekei kuwa ya yai. Vyakula vinavyosababisha sehemu kubwa ya aleji duniani si vingi: maziwa ya ng'ombe, mayai, karanga, korosho na jamii yake, ngano, soya, ufuta, samaki, pamoja na kamba na kaa.

Sasa mtoto wetu wa Sakina ana mafua ya siku tatu, na yai la nusu saa iliyopita. Yote mawili yanashukiwa kwa haki. Usiku huo jibu la kweli ni kwamba bado hatujui, na kwa mzazi aliyempakata mtoto anayejikuna hakuna jibu gumu kulikubali kama hilo. Mzazi anataka jina la adui, na analitaka kabla ya kulala.

Hapa ndipo uaminifu wa kila siku unapoanza, na unaanza na daftari. La shule, la kawaida, linatosha. Andika mtoto alikula nini na saa ngapi, mabaka yalionekana saa ngapi na yalifutika lini. Andika kama ana homa, kama amemeza dawa yoyote, kama alicheza kwenye migomba au alilala kwenye godoro la wageni. Piga picha kwa simu, maana ukifika kliniki kesho mgongo utakuwa laini na daktari hatakuwa na cha kutazama. Chukua kalamu, zungushia duara baka moja. Baka la mzio huhama: kesho saa kama hii duara linaweza kuwa tupu, na jingine limeota pengine. Likibaki pale pale siku mbili tatu, dogo na gumu, lina kitobo katikati, na wenzake wamejipanga miguuni, basi mshuku kiroboto au kunguni kabla hujalishuku yai.

Na hili nalisema kwa ajili ya mama anayeambiwa "mbona sioni kitu?" Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha mabaka mekundu juu ya ngozi nyeupe. Kwenye ngozi ya watoto wetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Baka linaweza kuwa na rangi ile ile ya mwili, au limekolea kidogo tu. Msogeze mtoto dirishani, mwanga umjie ubavuni badala ya mbele, kisha pitisha kiganja polepole mgongoni. Vidole vitakuonyesha kile ambacho macho yamekikosa. Na picha ipige katika mwanga huo huo.

Kisha tuifungue pakiti ya unga wa lishe. Mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, ngano, wakati mwingine ufuta, korosho, mbegu za maboga, hata dagaa. Mama anauchanganya kwa upendo, akiamini kwamba wingi wa vitu ndio nguvu ya mtoto. Lakini ihesabu ile orodha ya washukiwa uone wangapi wamo ndani ya kikombe kimoja cha uji. Mtoto akitoka mabaka, utamshika nani? Ndiyo maana ni busara, unapomwanzishia mtoto vyakula, kumpa kipya kimoja kwa wakati wake, mapema mchana mkiwa macho na kliniki ikiwa wazi, akikizoea siku chache ndipo umpe kingine. Na usiutupe mfuko wa unga. Nenda nao kliniki.

Ninachokiogopa zaidi, mpendwa, ni ile hukumu ya jumla. Mabaka mara moja, na kesho yake yai limepigwa marufuku, maziwa yamepigwa marufuku, karanga, samaki, maharage. Mtoto wa Kimeru au Kiarusha atabaki na nini? Chakula chetu cha loshoro bila maziwa si loshoro. Anabaki na uji mwembamba na kindizi, katika miaka ile ile ambayo mwili na ubongo vinajengwa. Wapo watoto wanaodhoofika kwa hofu ya aleji, wala si kwa aleji yenyewe.

Hofu hiyo iliwahi kuwapata hata mabingwa. Mwaka 1998 nchini Uingereza, na mwaka 2000 nchini Marekani, familia zenye historia ya mzio zilishauriwa zisimpe mtoto karanga hadi afikishe miaka 3. Ilionekana hekima. Lakini aleji ya karanga katika nchi hizo haikupungua. Ndipo daktari Gideon Lack wa London na wenzake walipogundua kwamba watoto wa Kiyahudi wa Uingereza walikuwa na aleji hiyo takriban mara kumi zaidi kuliko watoto wa Kiyahudi wa Israel, ambako watoto huanza kulambishwa vyakula vya karanga wangali wachanga. Wakawachukua watoto 640 wa kati ya miezi 4 na 11, wote wakiwa katika hatari. Baadhi walilishwa karanga mara kwa mara hadi miaka 5, wengine walinyimwa. Majibu yalitoka mwaka 2015: kwa waliolishwa, aleji ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ushauri ukageuzwa. (Mama mwenye mtoto mdogo asinielewe vibaya: karanga za mtoto ni za kusagwa, nzima zinaweza kumkaba. Na mtoto aliyekwisha kupata shida baada ya kula kitu fulani hajaribiwi nyumbani.)

Walioficha karanga walikuwa watu wema, wanaojali. Ila walitaka kumlinda mtoto kwa kumzungushia ukuta, na ukuta ndio uliomnyima nafasi ya kuzoea. Ni mara ngapi upendo wetu umekuwa hivyo? Tunamkataza mtoto hili na lile, tunamkata rafiki huyu na jamaa yule, na kila tunapoongeza katazo tunajisikia tumependa zaidi. Jiulize polepole, bila kujichapa: katika makatazo ninayoyabeba, ni yapi niliyoyapima, na ni yapi niliyoyaweka kwa sababu tu niliogopa?

Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanampita mtu aliyezaliwa kipofu. Wana haja ya kujua jambo moja tu kwa Bwana wao: kosa lilikuwa la nani, la huyu mwenyewe au la waliomzaa? Yesu anayakataa majibu yote mawili. Anainama, anafanya tope, anashughulika na macho ya yule mtu. Huwa tunaishia hapo, lakini endelea mbele kidogo uwaone wazazi. Wanaitwa kuhojiwa na wakubwa wa dini kuhusu mwili wa mtoto wao. Wanaogopa. Wanajibu kwa kifupi kadiri wanavyoweza, kisha wanamtupia mpira mwana wao kwamba ni mtu mzima, ajisemee. Siku ambayo mtoto wao ameona mwanga kwa mara ya kwanza, wao wanatafuta namna ya kutoka chumbani salama. Ndivyo lawama inavyofanya. Inawaibia watu hata furaha iliyo yao. Na ndivyo inavyomfanyia binti wa kazi pale Sakina: badala ya kukumbuka vizuri alimlisha mtoto nini na saa ngapi, habari ambayo daktari anaihitaji kuliko zote, anatetemeka na kusema "sijui". Nyumba inayolaumu haipati habari za kweli.

Sisi wa maeneo haya tunapaswa kulijua hili kuliko wengi. Tazama meno ya watu wetu. Pande za Maji ya Chai na Ngarenanyuki, na vijiji vingi vinavyouzunguka Meru, watu wamekua na meno ya kahawia, na wengi wakaenda mbali kusoma wakachekwa kana kwamba hawapigi mswaki. Sababu ilikuwa majini. Miamba ya mlima wetu, ambao ni wa volkano, inatoa floraidi, na katika chemchemi na mito kadhaa inapita mara nyingi kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Hakuna mama aliyekosea. Mtoto alikunywa maji ya kwao. Ilibidi watu waache kutazama kinywa cha mtu na kumhukumu, waende wakayapime maji, na kazi hiyo ya kuyapima na kuyachuja inaendelea hadi leo, kukiwemo utafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru.

Turudi kwa mtoto. Tuseme daftari limeonyesha kitu: yai mara tatu, na mara zote tatu mabaka ndani ya nusu saa, bila mafua wala dawa. Sasa shaka ina mwili, na sasa ni zamu ya daktari. Anaweza kuagiza kipimo cha damu, au kile cha kuchoma ngozi kidogo kwa kitone cha chakula. Na hapa madaktari wanasema jambo ambalo limenigusa kwa muda mrefu. Vipimo hivi vinaonyesha kama mwili umekiandalia chakula hicho kingamwili zake, yaani unakitambua na kukikumbuka. Lakini kukumbuka si kupigana. Wako watoto wengi ambao kipimo kinasema ndiyo, na wanakula chakula hicho bila shida yoyote. Kwa hiyo kipimo bila historia kinaweza kumnyima mtoto chakula bure, na ndiyo maana si vizuri kupima kila kitu kwa kubahatisha. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kumlisha mtoto chakula hicho kidogo kidogo, hospitalini, chini ya uangalizi, dawa zikiwa tayari.

Umeona? Mwili unaweza kukumbuka na bado ukakaa kwa amani. Nadhani wengi wetu tumeteswa na wazo kwamba tukikumbuka ubaya tuliotendewa, basi hatujasamehe. Tunaomba tusahau, hatusahau, tunajiona wanafiki. Lakini Bwana hakukuomba ufute kumbukumbu. Unaweza kumwona shemeji yako kanisani, ukakumbuka kila neno alilosema kwenye msiba ule, na moyo usiumuke. Huo ni msamaha, na umekomaa.

Wala sisemi kila kitu kirudishwe mezani. Ipo aleji ya kweli, na mtoto mwenye aleji ya kweli ya karanga halishwi karanga kwa kisingizio cha imani. Vivyo hivyo yupo mtu ambaye kumkaribia kunakuumiza kila mara, tena sana. Kukaa naye mbali si lazima kuwe ni kinyongo. Unaweza kumsamehe ukiwa mbali, ukamwombea mema ukiwa mbali.

Ila hukumu na zipitiwe upya. Watoto wengi wenye aleji ya maziwa au mayai huiacha wanavyokua, na daktari mzuri atataka kumwona tena mtoto baada ya muda badala ya kumwandikia katazo la maisha. Na watu wanaobeba lebo ya aleji ya penisilini, pengine kwa sababu ya upele mmoja wa utotoni, wakipimwa kwa makini zaidi ya 9 kati ya 10 hukutwa wanaweza kuitumia. Fikiria kunyimwa dawa nzuri maisha yako yote kwa ushahidi wa siku moja. Je, kuna mtu uliyembandika lebo mwaka fulani, na hujawahi kurudi kuangalia kama bado yuko vile?

Basi wiki hii uwe mvumilivu na usilolijua bado. Mwite binti wa kazi ukae naye, mwandike pamoja, na umwambie kabla ya swali la kwanza kwamba hutafuti mtu yeyote wa kulaumiwa katika daftari hilo. Ukienda kliniki, nenda na daftari, picha na mfuko wa unga.

Lakini subira hii yote ina mpaka, na mpaka wenyewe usiusahau. Mtoto mwenye mabaka ambaye midomo, ulimi au uso vinavimba, sauti inakwaruza, anakohoa mfululizo, kifua kinapiga filimbi, anatapika tena na tena, analegea, anapauka au anazimia, huyo haandikwi daftarini. Ni dharura. Dawa yake ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja, na inatakiwa mapema. Piritoni ya nyumbani haiwezi kazi hiyo. Usimpe maziwa eti yakate sumu, maana huenda maziwa ndiyo yaliyomdhuru. Usimsimamishe wala kumtembeza. Mlaze, miguu juu kidogo, na kama anahangaika kupumua mwache akae. Gari la jirani, bajaji, chochote kilicho karibu, na twende hospitali: Mount Meru, au ALMC, au Nkoaranga kama uko upande wa Meru, popote penye huduma ya dharura palipo karibu nawe. Msinisubiri mchungaji nifike. Ombeni mkiwa njiani.